Sura ya Nne: Kazi Iliyo Ndani ya Kazi

Ukimuuliza mtu wa Maua, Laare au Kangeta, kule Meru, anafanya kazi gani, huenda akakujibu kwa neno moja: miraa. Amesema kweli, ila bado hujajua kitu. Kijana anayekwea mti alfajiri, umande haujakauka, ni mtu wa miraa. Aliyeketi kwenye kigoda akichambua vijiti na kuvifunga ni mtu wa miraa. Dereva wa Hilux anayekimbizana na saa kuelekea Nairobi, dalali asiyeshika kalamu lakini anakumbuka kila deni, mama anayeuza majani ya mgomba ya kufungia mzigo, karani anayeandika hesabu, mwenye duka kule Eastleigh: bidhaa yao ni moja, siku zao hazifanani hata kidogo.

Tofauti hiyo ndiyo habari ya sura hii. Wengi wanaolalamika kwamba wamepotea njia walichagua bidhaa, au jina la kozi, au cheo, kisha wakashangaa walipokuta kwamba ndani yake kuna kazi nyingine kabisa ya kila siku, ambayo hakuna aliyewaeleza. Kazi hiyo ya ndani ndiyo itakayokuchosha au kukujenga. Jina la nje utalitaja mara chache tu, kwenye harusi na kwenye fomu za benki.

Tubaki kwenye miraa kidogo, kwa sababu ni nadra kupata biashara inayoonyesha mambo waziwazi namna hii. Mchumaji anahitaji mwili mwepesi, moyo usioogopa matawi membamba, na jicho la kujua kijiti kilichokomaa na kile cha kuachiwa siku nyingine. Mfungaji haendi popote. Anakaa saa nyingi, vidole vikipanga vijiti kwa urefu na rangi, akivifunga kwa kamba ya mgomba, hadi vifikie kile wanachokiita kilo, ingawa mizani haihusiki. Baadaye mzigo unaviringishwa kwa majani ya mgomba ili unyevu usitoroke, kwa kuwa nguvu ya miraa hupungua sana ndani ya siku mbili hivi. Hapo ndipo kazi ya dereva inapoanza, na anayeendesha kwa kasi ile si lazima awe mtu mwenye haraka maishani. Ni mtu ambaye bidhaa yake inakufa kila dakika. Mimi kazi hiyo ingenishinda kabla sijafika Kianjai. Dalali naye anaishi kwa uaminifu wa watu: anachukua mzigo leo, analipa kesho, na siku akikosa kulipa mara mbili mfululizo habari zake zimefika Muringene kabla yake.

Sasa mweke kijana mmoja hapo katikati. Mpole, mwangalifu, anapenda mpangilio, anachukia kubishana bei. Akiwekwa udalali ataumwa tumbo kila asubuhi, na watu watasema ni mvivu. Akiwekwa kuchambua au kuandika hesabu, atakuwa hodari kuliko wote. Hakubadili biashara wala hakuhama kijiji. Amesogea hatua tatu ndani ya biashara ileile. Ndiyo maana ninawashangaa washauri wanaomwambia kijana aliyechoka kwamba dawa ni kuanza upya kabisa. Mara nyingi kazi inayokufaa iko chumba cha pili, na wewe umeketi cha kwanza.

Kuijua kazi ya ndani kuna sababu ya pili, nayo ni nzito zaidi. Masoko hufungwa. Uholanzi iliipiga marufuku miraa, na kufikia 2013 mlango huo ulikuwa umefungwa. Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, japo baraza la wataalamu wake wenyewe wa dawa za kulevya lilikuwa limeshauri isifanye hivyo. Machi 2020 ndege za kwenda Somalia zikasimama, na soko hilo halikufunguliwa hadi Julai 2022. Kisha Mei 2024 ikawa zamu ya jirani: Kaunti ya Mombasa ikapiga marufuku muguka, ndugu wa miraa na zao la Mbeere kule Embu, kaunti nyingine za Pwani zikaunga mkono, na ndani ya siku chache Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hiyo. Mkulima aliyelala akiwa na soko akaamka hana, akalala tena, akaamka analo nusu.

Katika misukosuko kama hiyo, angalia nani anaweza kusogea. Mti hausogei, miti mikongwe wanayoiita mbaine ilipandwa na mababu na haihamishwi kwa amri ya bei. Dereva anaweza kubeba maziwa au ndizi za Mitunguu. Mwenye jicho la kuchambua ubora anaweza kuingia vibanda vya kufungia maua kule Timau, ambako kinachotafutwa ni jicho hilohilo. Aliyezoea kutunza mikopo ya watu mia bila kugombana nao anaweza kuendesha chama cha akiba. Aliyeumia zaidi ni yule ambaye ustadi wake wote ulikuwa kumjua mnunuzi mmoja wa London. Kwa hiyo unapopima kazi, jiulize: bidhaa hii ikitoweka, mikononi mwangu nitabaki na nini? Jibu likiwa “hakuna”, hiyo si njia bado. Ni ajira tu, hata kama inalipa vizuri mwaka huu.

Mahali napo pana kauli yake, na ni uongo kuandika kana kwamba kila mlango uko wazi kwa kila mtu. Katika mila ya Igembe na Tigania mwanamke hakwei mti wa miraa. Binti anaweza kuwa na wepesi na ujasiri kuwashinda kaka zake, na bado hatachuma. Shuka upande wa Mbeere, Siakago au Kiritiri, muguka huchumwa majani, kichaka ni kifupi, na wanawake wamejaa mashambani. Mimea ya ukoo mmoja, na umbali wa saa chache kwa matatu, lakini kwa binti huyo ni dunia mbili. Wanawake wengi wa Meru waliofungiwa mti walihamia kuuza: wameshika maduka na meza za miraa hadi Isiolo. Sisemi mila hiyo ni nzuri. Ninasema kwamba anayetafuta njia lazima ajue ukuta uko wapi, aamue kama ataupanda, ataubomoa au ataupita kwa pembeni, na kila uamuzi una gharama yake. Asiyeujua ukuta huugonga kwa kichwa.

Wazazi wetu waliugonga mwingine. Katika Kenya ya kikoloni Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa, zao la walowezi. Ruhusa ilipoanza kutolewa kwa majaribio, miaka ya 1930, ilitolewa kwa uchache katika sehemu chache, zikiwemo Meru, Embu na Kisii. Fikiria: kuna watu, walio hai na marehemu, walioambiwa na sheria wasiwe wakulima wa zao fulani. Walipolipata, lilisomesha watoto. Kisha 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa soko la kahawa kwa viwango ukavunjika, bei ikaporomoka, na mibuni mingi ya Imenti na Manyatta ikaachwa izeeke. Wengine waligeukia chai, wengine maziwa, makadamia, miraa, muguka.

Ninaitaja historia hiyo kwa sababu ya sentensi moja inayosikika katika nyumba nyingi huku: “Soma, mwanangu, utoke shambani.” Vijana huichukulia kama dharau kwa kilimo, au amri ya kizee. Mimi nadhani ni kumbukumbu. Mama aliyeona kahawa ikimlipa mwaka mmoja na kumtupa mwaka uliofuata anamtakia mwanawe mshahara usiotegemea mvua wala London. Nia yake ni sahihi. Kasoro ni kwamba orodha yake ya kazi za mshahara ina majina manne: daktari, mhandisi, wakili, mwalimu. Hiyo ni orodha ya kazi alizowahi kuziona.

Macho hutamani kilichopita mbele yake. Chogoria, katikati ya njia ya Embu na Meru, hospitali ya misheni ya Kiskoti ilianza 1922. Maua nako Wamethodisti wakajenga yao. Zote mbili zikafungua shule za wauguzi. Vizazi vya wasichana vikakua vikitazama sare safi zikipita, na wengi wakataka uuguzi. Wachache waliuona usiku wa manane wa wodi: kugeuza mgonjwa asije akapata vidonda vya mgongo, kuandika kila dozi, kumweleza mume habari asiyotaka kuisikia. Aliyeyaona hayo na bado akataka ndiye muuguzi. Upande wa pili, angalia Mto Tana unapopita kusini mwa Embu. Pana mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilianza kuzalisha 1968, Kiambere 1988. Watoto wa Mbeere wamekua chini ya nyaya zile. Ni wangapi wamewahi kukutana na anayepima kina cha maji, anayekagua ukuta wa bwawa usipasuke, anayebadilisha mafuta ya mitambo? Kazi usiyoiona huwezi kuitamani, hata kama imejengwa kilomita mbili kutoka kwenu.

Kuhusu kubadilika njiani, eneo hili lina watu wawili wa kutazamwa. Jeremiah Nyagah wa Embu alisoma Alliance, akasomea ualimu Makerere, akafundisha, na 1958 akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Baada ya uhuru alikuwa mbunge na waziri, Wizara ya Kilimo ikiwa mojawapo ya alizoshika, hadi alipostaafu siasa 1992. Katika miaka hiyohiyo aliongoza Skauti nchini. Kwa jina la nje, aliacha ualimu. Kwa kazi ya ndani, sidhani aliuacha: kuwaeleza wakulima jambo jipya na kuwapanga vijana kwa mstari ni kazi ya mwalimu, darasa tu limepanuka. Gitobu Imanyara wa Meru naye alikuwa wakili. Mwaka 1987 akaanzisha jarida la The Nairobi Law Monthly, likamtia matatani na serikali ya chama kimoja, akawekwa kizuizini 1990, na 1991 akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya wahariri, Golden Pen of Freedom. Uchaguzi wa 2007 ukampeleka bungeni kwa kiti cha Imenti ya Kati. Wakili, mhariri, mbunge: vyeo vitatu, na ndani yake kazi moja ya kujenga hoja mbele ya mwenye nguvu na kusimama nayo. Ukitaka kujua kazi yako ya ndani, usihesabu vyeo ulivyopita. Tafuta kilichojirudia.

Siku hizi uamuzi umesogezwa utotoni. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu Januari 2026, kila mtoto akiwa amechagua mmoja wa mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Ni watoto wa miaka kumi na mitano hivi. Serikali imesema wazi inataka walio wengi waende mkondo wa sayansi, na si kila shule inafundisha mikondo yote. Kwa hiyo mtoto wa kijiji cha Tharaka au Mbeere anaweza kuchagua sanaa na kukuta shule iliyo karibu haina hata chumba cha muziki. Waliosoma chini ya 8-4-4 nao wanapitia mlango wa KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo, ambako alama za mtihani wa KCSE na masomo manne ya klasta hupanga foleni. Alama ya C+ inafungua shahada, C- stashahada, D cheti. Mfumo huu unapima ulichojibu kwenye mtihani. Haupimi kama unaweza kukaa na mteja mkali bila kutetemeka, na haujawahi kudai kwamba unapima.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika, na hufanywa zaidi na wenye alama nzuri kuliko wenye mbaya. Mwenye A huambiwa asipoteze pointi zake: achukue kozi ya juu kabisa anayoweza kuifikia. Kana kwamba pointi ni pesa za zamani zitakazokosa thamani zisipotumika zote. Mwenye pointi za udaktari aliyependa udongo na mbegu akienda kusomea kilimo Chuo Kikuu cha Embu, ambacho kabla ya kuwa chuo kikuu kilikuwa chuo cha kufunza maafisa wa kilimo, majirani watampa pole. Wasimpe. Pole anastahili yule aliyekaa miaka sita katika taaluma kwa sababu alama zake zilimtosha.

Ushauri wa “fuata moyo wako” sina ugomvi nao, ila umetoka mahali ambapo moyo una bima. Kifungua mimba wa Igoji anayelipia karo ya wadogo zake hana ruhusa ya kuusikiliza moyo peke yake. Kwake, kazi inayofaa ni pamoja na wanaokula kutokana nayo. Anaweza kushika bodaboda kwanza, na hakuna aibu. Awe tu na tarehe na kiasi: nikishaweka shilingi kadhaa, au mdogo akimaliza shule, ninafanya jambo lifuatalo. Bila hivyo “kushikilia kwa muda” hugeuka miaka kumi, magoti yakiuma kwa baridi ya asubuhi ya Mlima Kenya. Na wapo waliogundua katikati ya kushikilia kwamba wanaipenda: si kuendesha, bali kutengeneza. Kwa hao kuna mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani: daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambayo haimuulizi fundi alipata nini kwenye KCSE. Fundi wa jua kali aliyejifunza kando ya barabara ya Makutano anaweza kupata cheti kwa kile mikono yake inachojua. Baadaye kipo chuo cha kitaifa cha ufundi pale Meru kikimsubiri akitaka kuendelea.

Basi kazi ya ndani huonekana vipi kabla ya kuingia? Kwa kuikaribia, na kwa kuuliza vizuri. Usimuulize mtu kama anaipenda kazi yake. Kwa heshima atakwambia ndiyo, ama kwa uchovu atakwambia hapana, na hujapata lolote. Ukimkuta mpima ardhi, mwambie, “Shikamoo mzee, naomba unieleze jana ulifanya nini tangu asubuhi hadi jioni.” Sikiliza. Utashangaa kwamba nusu ya siku ya mpima ardhi ni kuwatuliza ndugu wanaogombea mpaka. Nusu ya siku ya mwenye duka la dawa za mifugo ni kumshawishi mkulima asinunue dawa isiyohitajika, au kumuuzia, kutegemea dhamiri. Mhasibu wa kiwanda cha chai atakueleza juu ya wiki ya bonasi na wakulima waliopanga foleni wakitaka maelezo ya kila shilingi. Kisha uliza sehemu inayochosha kuliko zote ni ipi. Kila kazi ina ukavu wake. Kazi inayokufaa ni ile ambayo ukavu wake unaweza kuubeba, si ile isiyo nao.

Baada ya kuuliza, fanya kidogo. Likizo ya Desemba ni ndefu na kibarua kipo. Mtoto anayedhani anataka biashara apewe gunia moja la viazi vya Timau auze Gakoromone mwenyewe, na hasara ikitokea iwe yake. Anayedhani anataka ualimu afundishe wadogo wa jirani hesabu mwezi mzima, hasa yule mmoja asiyeelewa. Anayetaka uandishi aandike kila siku bila kuambiwa. Wiki ya kwanza kila kitu ni kitamu, kwa hiyo usiihesabu. Tazama wiki ya tatu: anaamka mwenyewe, au anasubiri kuamshwa?

Wazazi wanaosoma sura hii nawaomba jambo moja mahususi. Kabla ya fomu yoyote kujazwa, ya Gredi ya 10 au ya KUCCPS, mpelekeni mtoto akae siku nzima na mtu anayefanya kazi ile anayoitaka, na siku nyingine na mtu anayefanya ile mnayomtakia ninyi. Haigharimu zaidi ya nauli. Halafu mwacheni aseme kwanza.

Na kwa aliyekwisha kujaza na anahisi amekosea: KUCCPS hufungua nafasi ya kubadilisha chaguo kabla ya kupangiwa, na baada ya hapo hufungua dirisha la kuomba kuhamia chuo au kozi nyingine. Siku zake ni chache na hutangazwa hadharani. Zitafute mapema, na ombi lako liwe na sababu iliyotoka kwenye siku uliyoiona kwa macho.